Sura ya Saba: Usiku Mmoja Hauungi Mfupa

Anayeketi kwa mara ya kwanza kutazama mchezo wa kuigiza wa mezani huwa na swali moja, na huliuliza mapema. Jioni, ndani ya hadithi, shujaa amepigwa shoka la begani, ameanguka, nusura akate roho. Wenzake wamemburuta hadi pangoni, wamewasha moto, wamelala. Asubuhi huyo shujaa amesimama, amevaa deraya, anaulizia chakula. Mtazamaji anashangaa: lile shoka limekwenda wapi? Wachezaji wazoefu humjibu kwamba ndivyo kanuni zinavyosema, kisha mchezo unaendelea. Jibu hilo halimtoshi, na ana haki ya kutotosheka, kwa sababu swali lake linagusa kiini cha mchezo wenyewe. Hadithi ambayo ndani yake hakuna kinachouma haina ushujaa wa kusimulia.

Kwa asiyeufahamu, mchezo huu huchezwa na watu wachache waliozunguka meza, mara nyingi wanne hadi sita. Mmoja ni msimamizi: ndiye anayesimulia ulimwengu, anayejua nani amejificha nyuma ya mlango na adui anakusudia nini. Kila mmoja wa waliobaki anamchukua mhusika, yaani mtu wa kubuni kama mpiganaji, mwizi, mchawi au kasisi, na kumwamulia la kusema na la kutenda. Jambo likiwa na mashaka, hurushwa dadu, na dadu huamua. Hoja ya sura hii ni kwamba waandishi wa michezo hii, kwa karibu miaka 50, wamebishana kuhusu jeraha liwe zito kiasi gani, ilhali swali lenye faida zaidi ni uzito huo ubebwe na nini. Jibu ninalolitetea ni hili: jeraha zito libebwe na safari, lisibebwe na upanga.

Mwili uliohesabiwa kama meli

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 nchini Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson. Wote wawili walitoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambamo vikosi vya sanamu ndogo hupambana. Humo askari akipigwa huondolewa mezani, na hakuna anayemlilia, kwa kuwa nyuma yake wapo wengine hamsini. Mambo yalibadilika Arneson alipoanza kuwapa wachezaji wake huko Minnesota mtu mmoja mmoja wa kumwongoza. Sasa mtu huyo akifa kwa dadu kurushwa mara moja, mchezaji amepoteza alichokuwa nacho chote. Arneson alieleza baadaye kwamba suluhisho alilipata kwenye kanuni za vita vya majini, ambamo meli huvumilia mapigo kadhaa kabla ya kuzama. Hapo ndipo zilipozaliwa alama za uhai: hesabu anayopewa kila mhusika, inayopungua kila anapopigwa, na ikifika sifuri anaanguka.

Ili kuona hesabu hii inavyofanya kazi, fikiria betri ya simu. Ikiwa na asilimia 90 unapiga simu. Ikiwa na asilimia 2 unapiga simu vilevile, na wa upande wa pili hasikii tofauti yoyote. Tofauti huja pale tu inapozima. Mpiganaji mwenye alama 60 na mpiganaji aliyebakiwa na alama 1 wanakimbia sawa, wanapiga sawa, wanaruka sawa. Gygax aliliona tatizo hili mapema, na katika kitabu chake cha wasimamizi cha mwaka 1979 alieleza kwamba alama nyingi za mhusika mzoefu si nyama wala damu. Ni ustadi wa kukwepa, bahati, na ulinzi wa miungu. Ni maelezo ya busara, ila yanagongana na kanuni zilizo kando yake. Dua ya kasisi inayorudisha alama hizo inaitwa dua ya kutibu majeraha, na huwezi kutibu jeraha ambalo halikuwapo.

Mfano wa meli una funzo jingine ambalo mchezo haukulichukua. Jahazi likitobolewa linaweza kuendelea na safari na likafika, lakini likishafika halirudishwi baharini kesho yake. Linapandishwa kwenye chelezo, mafundi wanang'oa mbao zilizovunjika, wanatia kalafati, wanapaka deheni, na nahodha anahesabu siku na gharama. Mchezo uliazima ubavu wa meli ukakiacha chelezo ufukweni.

Kutoka wiki hadi saa

Mtu akitazama jinsi Dungeons & Dragons ulivyoshughulikia kupona bila msaada wa uchawi, toleo baada ya toleo, anaona mteremko usio na shaka:

- Mwaka 1974: siku ya kwanza ya mapumziko hairudishi kitu, baada ya hapo alama moja kila siku mbili.
- Mwaka 1979: alama moja kwa siku, na mapumziko ya wiki nne mfululizo humponya yeyote kabisa.
- Mwaka 2000: kila usiku hurudi alama sawa na daraja la mhusika, yaani kiwango cha uzoefu wake.
- Mwaka 2008: mapumziko ya saa 6 yanarudisha alama zote.
- Mwaka 2014: mapumziko ya saa 8 yanarudisha alama zote.

Ni rahisi kusema kwamba wachezaji wa zamani walikuwa wagumu na wa leo wanadekezwa. Ushahidi hauungi mkono lawama hiyo. Katika kanuni za zamani kasisi alirudishiwa dua zake kila siku baada ya kulala. Kikosi kilichojeruhiwa vibaya hakikukaa kitandani wiki nne. Kilipiga kambi siku mbili tatu, kasisi akaomba asubuhi, akatibu, akalala, akaomba tena. Kwa hiyo kupona polepole kulikuwa kwenye karatasi tu. Kitu kimoja ambacho kanuni hiyo ilikifanya kweli ni kumlazimisha mmoja wa wachezaji awe kasisi hata kama moyo wake uko kwa mwizi au mchawi, kwa sababu kikosi bila kasisi hakikuweza kusonga. Waliofupisha muda wa kupona waliondoa kivuli cha gharama ambayo hakuna aliyekuwa akiilipa. Kosa lao ni kwamba hawakuweka gharama nyingine mahali pake.

Tiba ikiwa nafuu kuliko kinga

Tunaambiwa kinga ni bora kuliko tiba, na katika maisha ni kweli kwa sababu tiba ni ghali. Pindua bei, na tabia ya watu inapinduka nayo. Katika kanuni za mwaka 2014, mhusika aliyefika sifuri hurusha dadu yenye pande 20 kila zamu yake: akipata 10 au zaidi amepiga hatua moja kuelekea usalama, akipata chini ya hapo amepiga hatua moja kuelekea kaburini. Hatua tatu upande wowote huamua. Lakini tiba yoyote, hata ya alama moja, humwinua papo hapo, na ipo dua fupi ambayo kasisi huitamka akiwa umbali wa mita 18 huku mkono wake bado una nafasi ya kupiga rungu.

Tuhesabu. Mpiganaji amebakiwa na alama 6, na mbele yake kuna zimwi ambalo pigo lake hutoa alama 14. Kasisi akimwongezea alama 5 kabla ya pigo, atakuwa na 11, na pigo likija ataanguka tu. Kasisi akingoja, mpiganaji ataanguka kutoka 6 hadi sifuri; alama 8 zilizozidi zinapotea hewani, kwa kuwa hesabu haishuki chini ya sifuri. Kisha anatamkiwa dua, anapata alama 5, anasimama na kupigana kana kwamba hakuna kilichotokea. Kanuni zimemfundisha kasisi kumwacha rafiki yake aanguke kwanza. Akianguka mara tano katika pigano moja na kuinuliwa mara tano, haondoki na hata mchubuko. Linganisha na aliyekufa kabisa akafufuliwa kwa dua kubwa inayohitaji almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu: huyo hurudi akiwa dhaifu, na udhaifu wake huisha kidogo kidogo katika mapumziko manne marefu. Waandishi walijua, basi, kwamba kurudi kutoka mlangoni mwa mauti kunapaswa kuacha alama. Waliiweka kwa aliyeingia ndani, wakamsahau aliyesimama kizingitini.

Kwa ufupi, hadi hapa tumeona mambo matatu:

- Alama za uhai zinapima umbali wa mtu na kuanguka. Hazipimi hali ya mwili wake.
- Kupona kwa haraka kulikuja kwa sababu ya haki, yaani kumfungua kasisi kifungoni.
- Tiba isiyo na gharama hubadilisha tabia za wachezaji, na kuanguka hugeuka jambo la kawaida.

Walioandika jeraha mwilini

Wapo waliokataa njia hii mapema. Mwaka 1978 ulitoka mchezo wa RuneQuest, ulioandikwa na Steve Perrin na wenzake, ambamo dadu huamua pigo limetua wapi: kichwani, tumboni, mkono wa kushoto, mguu wa kulia. Kila kiungo kina hesabu yake, na mguu ukifika sifuri mtu anaanguka hata kama kifua chake ni kizima. Miaka miwili baadaye wachapishaji wa Rolemaster walitoa majedwali marefu ya mapigo mabaya, ambamo safu moja hutoa damu inayovuja kila zamu na nyingine huvunja mfupa. Michezo hii ilimjibu mtazamaji wetu kwa uaminifu, kwa maana shoka liliacha alama. Hata hivyo ilizaa matatizo mawili ambayo anayependa uhalisia lazima ayakabili.

La kwanza ni mteremko wa udhaifu. Aliyejeruhiwa anapiga vibaya zaidi. Kwa kuwa anapiga vibaya, adui anaishi muda mrefu zaidi. Kwa kuwa adui anaishi, majeruhi anajeruhiwa tena. Pigano huamuliwa na pigo la kwanza, na kinachofuata ni kusubiri mwisho unaojulikana, mchezaji akirusha dadu anazojua hazitamsaidia. La pili ni hesabu ya maisha marefu. Jambazi wa msituni anatokea mara moja, anapigwa, anasahaulika. Mhusika wa mchezaji anapigwa wiki baada ya wiki. Toleo la mwaka 2014 la Dungeons & Dragons lina jedwali la hiari la majeraha ya kudumu, ambalo kwa dadu yenye pande 20 namba tatu za mwanzo huondoa jicho, mkono au mguu. Hiyo ni asilimia 15 kila linapotumika, na inaonekana ndogo. Lakini mhusika akilitembelea mara tano, uwezekano wa kupoteza angalau kiungo kimoja unapita asilimia 55. Mara kumi, asilimia 80. Jedwali linalokusudia kuogofya mara moja moja huishia kuwakata wote.

Mshale wa Shrewsbury

Kabla ya kuchagua kati ya njia hizi mbili, inafaa kutazama jeraha la kweli la zama ambazo michezo hii huziiga. Tarehe 21 Julai 1403, katika vita vya Shrewsbury nchini Uingereza, mwana wa mfalme aliyeitwa Henry, kijana wa miaka 16, alipigwa mshale usoni, kando ya pua. Masimulizi ya vita hivyo yanasema alikataa kuondoka uwanjani. Uti wa mshale ulitolewa, lakini chuma chake kilibaki ndani kiasi cha sentimita 15. Tabibu John Bradmore, ambaye aliiandika kazi hiyo mwenyewe, alipanua tundu polepole kwa vijiti laini vilivyofungwa kitani na kulowekwa asali, akatengeneza koleo jembamba lenye parafujo la kukishika chuma kwa ndani, akakitoa, akaosha jeraha kwa divai nyeupe, kisha akalitunza kwa siku zipatazo 20 huku akifupisha utambi wake kidogo kidogo ili nyama ijae kutoka chini. Kijana huyo alikuja kuwa Mfalme Henry wa Tano, mshindi wa vita vya Agincourt vya mwaka 1415.

Mkasa huu unafundisha mambo ambayo pande zote mbili za ubishi zimeyakosa. Kwanza, mwili unaweza kusimama vitani ukiwa na jeraha la kutisha. Wenye alama za uhai hawakuwa wajinga. Pili, deni lilikuja baadaye, na lilikuja kwa namna tatu: muda, mtu mwenye ujuzi, na mahali pa kulala. Tatu, aliyelipa hakulipa kwa kuwa dhaifu maisha yake yote. Alilipa kwa majuma ambayo hangeweza kwenda popote, wakati ufalme wa baba yake ulikuwa bado unatikisika. Uzito wa jeraha lile ulikuwa kwenye kalenda.

Jeraha libebwe na safari

Hapa ndipo njia ya tatu inapoonekana. Acha pigano liwe la kishujaa, mtu apige kwa nguvu zake zote hadi alama ya mwisho. Vita vikiisha, deni lidaiwe. Baadhi ya michezo imeanza kuelekea huko. Pathfinder, katika toleo lake la mwaka 2019, humwekea aliyeinuliwa kutoka sifuri hali ya kujeruhiwa: akianguka tena katika pigano hilo, anaanza hatua moja karibu zaidi na mauti, na kila anguko huongeza hatua. Papo hapo kasisi ana sababu ya kutibu kabla mwenzake hajaanguka. Nao Dungeons & Dragons wa mwaka 2014 una kanuni ya hiari inayofanya usiku mmoja uwe mapumziko mafupi na siku saba ziwe mapumziko marefu. Kanuni hiyo ni imara kuliko ile ya mwaka 1979 kwa sababu moja: dua nyingi za kasisi nazo zinasubiri siku hizo saba. Mlango wa nyuma umefungwa.

Kikosi chochote kinaweza kuchukua mchezo wowote wa namna hii na kuuongezea kanuni chache za nyumbani:

1. Anayefika sifuri na kuinuliwa huandikiwa jeraha moja lenye jina: mbavu zilizovunjika, paja lililochanika, kiganja kilichoungua.
2. Jeraha halipunguzi nguvu ya kupigana. Huzuia jambo moja la safari: kupanda ukuta, kubeba mzigo, kukesha zamu, kutembea mwendo wa kutwa.
3. Dua ndogo hurudisha alama za uhai, lakini jeraha lenye jina huondoka kwa muda, mtu mwenye ujuzi na mahali salama, au kwa dua kubwa ambayo ingetumika kwa jambo jingine.
4. Mchezaji ndiye anayeamua kupumzika au kuendelea. Akiendelea, jeraha linaweza kuacha kovu la kudumu, na yeye ndiye anayesema ni kovu gani.

Tazama kanuni hizi zinavyozaa hadithi. Wanne wanapeleka onyo kwenye mji utakaoshambuliwa baada ya siku tano, na safari ni ya siku nne. Darajani wanawashinda majambazi, lakini mpiganaji wao amevunjika mguu. Wamwache kijijini na kwenda bila panga lao bora? Wampakie kwenye punda na kufika siku ya shambulio lenyewe? Au kasisi atumie dua kubwa aliyokuwa anawawekea wagonjwa wa tauni wa mji huo? Hakuna dadu inayojibu maswali haya. Mezani watu wanaegemea mbele, wanabishana, mmoja anajitolea, mwingine anakataa. Jeraha limefanya kazi ambayo alama 40 zilizopungua zisingeifanya kamwe: limewalazimisha kuamua wao ni watu wa namna gani.

Kuwajibu wanaopinga

Pingamizi la kwanza husema kwamba mchezo ni burudani, na mtu aliyechoka na kazi za wiki nzima haji mezani kuumwa mbavu. Ni hoja nzito, na ndiyo sababu kanuni za juu hazigusi raha ya kupigana. Lakini burudani ya hadithi hutoka kwenye hatari inayoaminika. Shabiki wa mpira hushangilia bao la dakika za mwisho kwa sababu timu yake ingeweza kweli kushindwa. Ondoa uwezekano huo, na bao linabaki namba. Pingamizi la pili ni kwamba majeruhi atakaa pembeni wakati wenzake wanacheza. Hilo lingekuwa kosa kubwa, na njia hii hulikwepa: mwenye mguu uliovunjika bado ana mdomo, ana macho, ana upinde, ana kura katika kila uamuzi. Kikosi kikiamua kumwacha kijijini, mchezaji wake amwongoze kwa muda mwongozaji wa njia au mwanakijiji aliyeamua kuungana nao.

La tatu ni kwamba ulimwengu wa mchezo una uchawi, kwa hiyo kupona kwa haraka ni jambo la kawaida humo. Sawa, lakini uchawi nao ni mali, na mali yoyote ina matumizi zaidi ya moja. Dua inayomponya mpiganaji ni dua iliyonyimwa mtoto wa mwenyeji. Msimamizi asikataze uchawi. Auweke mahali ambapo kuutumia ni kuchagua. La nne linastahili uangalifu kuliko yote: kati ya wanaoketi mezani wapo wanaoishi na ulemavu au kumbukumbu za ajali, na mchezo unaotumia mkono uliokatwa kama adhabu unaweza kuwaumiza. Ni kweli. Kwa hiyo wachezaji waulizwe kabla ya siku ya kwanza ni majeraha gani hawataki kuyasikia, na jibu liheshimiwe bila kudai sababu. Ndiyo maana pia kanuni ya nne inampa mchezaji mamlaka juu ya kovu lake. Mhusika mwenye mkono mmoja ni mtu kamili mwenye historia, na anastahili kuchezwa hivyo.

Kinachobaki

Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Mtazamaji aliyeuliza shoka limekwenda wapi alikuwa anasema jambo hilohilo kwa maneno mengine: alikuwa anatafuta kovu na hakuliona. Tunaweza kumjibu bila kurudi kwenye majedwali yanayokata viungo na bila kumfunga tena kasisi kifungoni. Shujaa na asimame asubuhi, avae deraya, aulize chakula. Lakini mwenzake mmoja amsaidie kufunga kanda za begani kwa kuwa mkono haujanyooka, na wote waitazame ramani upya kwa sababu njia ya mlimani imefungwa kwao hadi wiki ijayo. Mtazamaji akiliona hilo hatauliza tena. Atavuta kiti, atataka kujua wamechagua njia gani.